Kipofu wa Ambon na majani ya tambuu

Ndugu msomaji, tambuu si jambo geni kwetu. Tangu Lamu hata Vanga, na ng'ambo ya pili Unguja na Pemba, jani hili limeingia katika arusi zetu na katika mabaraza yetu, likafungwa pamoja na popoo na chokaa na katu, likawa ndiyo heshima ya mgeni. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kushika njia ya Mombasa na Kilwa, alipokewa kwa sahani ya tambuu na popoo. Ni karibu karne saba hizo.

Hata hivyo ni wangapi katika sisi waliokaa wakajiuliza swali hili: mtambuu ni mmea mmoja, au ni mimea mingi inayofanana? Mtafunaji atakwambia kuwa liko jani kali lenye kuchoma ulimi, na liko jani pole lenye utamu. Liko pana lenye umbo la moyo, na liko jembamba. Liko la kijani kilichokoza, na liko lililopauka likaelekea manjano. Je, hizo ni jamaa mbalimbali, kila moja na asili yake? Au ni nyuso nyingi za mmoja?

Swali laonekana dogo. Lakini limewashughulisha wanavyuoni kwa zaidi ya miaka 300, limejaza kurasa za vitabu vya Kilatini, na mtu mmoja aliuawa akiifuata njia ya mwandishi aliyelifungua. Na mwandishi huyo, ambaye habari zake ndizo nitakazozisimulia leo, aliikamilisha kazi yake akiwa hana macho ya kuyaona majani hayo. Jina lake ni Georg Eberhard Rumpf, na wataalamu wa mimea ulimwenguni wamjua kwa jina lake la Kilatini, Rumphius.

Askari aliyeuchoka uaskari

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1627, katika nchi ya Hesse, wakati vita vya miaka 30 vinaiteketeza nchi hiyo. Baba yake alikuwa fundi wa majengo na ngome. Kijana alisomeshwa vyema, akakijua Kilatini, lakini moyo wake ulikuwa ng'ambo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 18 aliingia katika kikosi akiambiwa kuwa atakwenda kuitumikia dola ya Venice. Kumbe alipakiwa katika merikebu ya Waholanzi iliyoelekea Brazili. Brazili hakufika. Safari iliharibika njiani, akajikuta Ureno, akakaa huko karibu miaka mitatu. Ureno ya siku zile ilikuwa bandari ya habari za Bara Hindi na visiwa vya viungo, na aliporudi kwao hakutulia tena.

Mwishoni mwa mwaka 1652 alijiandikisha uaskari katika Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki, ile kampuni iliyokuwa na manowari zake, askari wake na mahakama zake. Mwaka uliofuata alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Na mwaka 1654 alikuwa Ambon, kisiwa kidogo cha Maluku katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Ulaya hakuiona tena.

Sisi watu wa mwambao tuna sababu ya kuvikumbuka visiwa hivyo, maana karafuu iliyofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 asili yake ni Maluku. Waholanzi waliishika Ambon kwa ajili ya karafuu hiyo, na katika visiwa vingine wakaing'oa mikarafuu ya watu ili bei isishuke. Rumphius aliingia huko akiwa mtu wa kampuni hiyo, na mshahara wake ulitoka humo. Hilo sitalificha, kwani msifu mtu amsifupo hutaja na upande wa pili.

Lakini uaskari ulimchosha upesi. Mwaka 1657 aliomba ahamishiwe kazi za biashara, akakubaliwa, akapelekwa upande wa Hitu, pwani ya kaskazini ya kisiwa, akaishi Larike na kisha Hila. Watu wa Hitu walikuwa Waislamu tangu kabla ya Mholanzi kuwafikia, wakiandika Kimalayu kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Huko ndiko Rumphius alikopata chuo chake cha pili. Alijifunza lugha yao, akaenda nao mashambani na misituni, na kwa kila mmea akauliza mambo matatu: waitwaje, waota wapi, na wafaa kwa nini. Waganga, wavuvi, wanawake wa sokoni, wote aliwauliza. Miongoni mwa walimu wake aliowataja yumo imamu mmoja wa kisiwa cha Buru.

Kutokana na maswali hayo kilizaliwa kitabu kikubwa, Herbarium Amboinense, yaani kitabu cha mimea ya Ambon, chenye habari za mimea zaidi ya 1,200. Kila mlango wa kitabu hicho una mpango wake: kwanza sura ya mmea, kisha majina yake kwa Kimalayu, Kiambon na lugha nyingine alizozisikia, kisha mahali uotapo, kisha kazi yake kwa wanaoutumia. Mpango huo ukumbuke, ndugu msomaji, kwani ndio roho ya habari yetu.

Misiba juu ya misiba

Mwaka 1670, akiwa na umri wa miaka 42, macho yake yalizimika. Kwa muda mfupi tu mtu aliyekuwa akiandika na kuchora kwa mkono wake mwenyewe akawa kipofu. Kitabu alikuwa akikiandika kwa Kilatini. Sasa ilimlazimu kumsomea mwandishi maneno, na waandishi aliopewa hawakujua Kilatini, basi akaianza kazi upya kwa Kiholanzi, toka mwanzo.

Miaka minne haikwisha. Tarehe 17 Februari 1674, jioni, Wachina wa mji wa Ambon walipokuwa wakisherehekea mwaka wao mpya, ardhi ilitetemeka. Mke wake, Susanna, na binti yao walikuwa wamekwenda kuiona sherehe hiyo. Ukuta uliwaangukia, wakafa wote wawili. Bahari nayo ilipanda juu ya pwani za kisiwa, na watu zaidi ya 2,000 walipotea katika msiba huo. Susanna alikuwa mwenzake wa kuchuma mimea tangu mwanzo, na Rumphius alilipa ua moja jeupe jina lake ili lisisahauliwe. Jina hilo lipo hata leo: wataalamu waliita ua lile Pecteilis susannae.

Mwezi wa Januari 1687 moto uliuteketeza mtaa wa Waholanzi, ukaiteketeza na maktaba yake. Michoro ikapotea. Maandiko mengi yaliokolewa, na michoro ikaanzwa tena kwa mikono ya wasaidizi, akiwamo mwanawe Paulus. Mwaka 1692 sehemu ya kwanza ya kitabu ilipakiwa merikebuni kwenda Uholanzi, na Wafaransa wakaizamisha merikebu hiyo baharini. Kwa bahati, Johannes Camphuys, aliyekuwa mkuu wa Waholanzi huko Batavia na mpenzi wa mimea, alikuwa ameamuru kitabu kinakiliwe kabla ya kusafirishwa. Nakala hiyo ndiyo iliyokiokoa. Na kilipofika Uholanzi hatimaye, wakuu wa kampuni walikataa kukichapisha, wakihofia kuwa mwenye kukisoma atazijua siri za visiwa vyao vya viungo.

Rumphius alifariki tarehe 15 Juni 1702. Hakuushika mkononi hata ukurasa mmoja uliochapwa wa kitabu hicho. Kilitoka Amsterdam kati ya mwaka 1741 na 1750, kwa juhudi za Johannes Burman, Kiholanzi upande mmoja wa ukurasa na Kilatini upande wa pili.

Siri na siriboa

Sasa tuurudie mtambuu. Katika juzuu ya tano, iliyotoka mwaka 1747, imo mimea mingi ya kutambaa na kukwea, na humo ndimo mlimo jamaa ya tambuu. Wamalayu huiita siri. Rumphius aliandika kwa urefu juu yake, kwani Ambon, kama kwetu, hakuna mgeni aliyeketi bila kuletewa.

Lakini alisikia jambo ambalo wasafiri wengine hawakulitilia maanani. Katika visiwa vile vya mashariki wako wanaotafuna jani, na wako wanaopenda zaidi tunda, kile kishuke kirefu cha kijani kinachoning'inia kwenye mmea. Mtambuu wa jani waliuita siri. Ule wa tunda waliuita siriboa, maana boa ni tunda kwa Kimalayu chao. Rumphius akaupa kila mmoja mlango wake, akauweka wa pili ubavuni mwa wa kwanza, na jina lake akaliacha kama lilivyo. Zaidi ya hiyo alizitaja na siri nyingine za msituni, ambazo zafanana na mtambuu kwa jani lakini hazipandwi na mtu.

Kipofu aliwezaje kuyapambanua haya? Hapo ndipo ninapomwonea ajabu. Mwenye macho huyasadiki macho yake, na katika mimea ya kukwea macho ni shahidi asiyeaminika. Rumphius alibakiwa na kidole cha kupapasa unene wa jani, pua ya kunusa, ulimi wa kuonja, na sikio la kumsikiliza mpandaji. Akili yake iliyakumbuka aliyoyaona kabla ya mwaka 1670, na hayo mengine akayaongeza juu yake.

Somo la herufi

Kwa nini nasema macho ni shahidi asiyeaminika? Nitaeleza kwa mfano ambao kila aliyekaa chuoni na ubao wake ataufahamu.

Sisi tulipoanza kusoma, mwalimu alitufunza bee, tee na thee. Mwili wa herufi hizo ni mmoja, kama mashua iliyotia nanga. Zatengwa kwa nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mtoto asiyetazama nukta husema ni herufi moja, naye hukosea, kwani ni tatu. Kisha tukafika kwenye hee. Hiyo mwanzoni mwa neno ina macho mawili, katikati ina umbo jingine, mwishoni ina jingine, na ikisimama peke yake ni duara. Mtoto huapa kuwa hizo ni herufi nne, naye hukosea tena, kwani ni moja. Basi kufanana kwa sura si ushahidi wa umoja, na kutofautiana kwa sura si ushahidi wa wingi. Lazima usikie sauti yake.

Mtambuu ni hee. Mmea mmoja huo huo, shina lake linalopanda juu ya nguzo hutoa majani mapana yenye umbo la moyo, na matawi yake ya ubavuni hutoa majani marefu yaliyopinda upande mmoja. Ukiukuza kivulini jani hupanuka na kulainika, na ukiukuza juani hukakamaa na kupauka. Kadhalika mtambuu ni kama mpapai: uko dume na uko jike, na dume hauzai tunda hata siku moja. Mtu anayetaka jani hajali kitu hicho. Anayetaka tunda hana budi kuupata jike. Siku za Rumphius, Ulaya ilikuwa bado haijaafikiana kuwa mimea ina dume na jike. Mjerumani Camerarius alilithibitisha hilo mwaka 1694, wakati Rumphius ni mzee wa miaka 67 huko Ambon.

Tena liko jambo la nne. Mtambuu haupandwi kwa mbegu. Hukatwa pingili ya shina, ikafukiwa, ikachipua. Kwa hiyo mche wa shamba hili na mche wa shamba la pili huwa ni mmea mmoja uliogawanywa, na likitokea tawi lenye jani tamu kidogo kuliko ndugu zake, mkono wa mpandaji hulikata, hulihifadhi na kulipitisha kwa mwanawe na kwa jirani. Tofauti ndogo hukaa karne nzima. Hizo ndizo aina za tambuu: wana wa nyumba moja waliolelewa na mikono mbalimbali.

Pilipili manga, kwa upande wa pili, ni kama tee mbele ya bee. Jani lake lafanana sana na jani la tambuu, nayo hukwea vile vile, na wataalamu wamezitia katika ukoo mmoja, Piper. Lakini ni mimea miwili kamili, na hapana mtu atakayekufungia uraibu kwa jani la pilipili manga.

Majani makavu ya Ulaya

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden alitoa kitabu chake kikuu cha kuipa mimea yote majina mawili mawili ya Kilatini. Mtambuu akauita Piper betle. Na karibu nao akaweka mwingine, akauita Piper siriboa. Neno lile la sokoni Ambon likageuka kuwa jina la spishi, yaani mmea wenye asili yake peke yake. Tazama ajabu: jina lenyewe lilikuwa limekwisha kusema kuwa huu ni siri, ila ni siri ya tunda. Lakini jina likitengwa na lugha yake huwa kama sanduku lililofungwa, halimwambii kitu alibebaye.

Waliofuata walizidisha. Mholanzi Friedrich Miquel, aliyezaliwa mwaka 1811 na kufa mwaka 1871, aliipanga upya jamaa yote ya pilipili katika kitabu alichokitoa mwaka 1843 na 1844. Mtambuu akautoa katika Piper akautia katika ukoo mpya aliouita Chavica, kisha humo akaweka Chavica betle, Chavica siriboa, na nyingine kadhaa kwa kadiri ya majani yaliyomfikia. Wengine baada yake, kila walipoletewa tawi lenye jani jembamba au kishuke kirefu kuliko walichokizoea, walitoa jina jipya.

Siwabezi watu hao. Walifanya kazi kwa uaminifu, na bila wao tusingekuwa na utaratibu wowote. Lakini fikiri walichokuwa nacho mezani: jani lililobanwa katika karatasi, likakauka, likavuka bahari. Harufu imekwenda. Ladha imekwenda. Rangi imekwenda. Aliyelipanda hayupo wa kuulizwa. Kilichobaki ni umbo, na umbo katika mmea wa kukwea ndilo linalogeuka kuliko vyote. Rumphius alikosa umbo akawa na vyote vingine. Wao walikuwa na umbo wakakosa vyote vingine.

Njia ya kurudi Ambon

Karne ya 20 ilipoingia, wataalamu walikuwa wamechanganyikiwa. Kitabu cha Rumphius kilikuwa kimezaa majina mengi ya Kilatini, lakini mimea yenyewe aliyoisema hakuna aliyeihifadhi, basi kila mmoja alibashiri. Ikaamuliwa huko Manila, katika Ufilipino, kuwa dawa ni kurudi Ambon kwenyewe, kuichuma mimea ile ile mahali pale pale, na kuuliza majina yale yale. Alitumwa Charles Budd Robinson. Alifika Ambon mwaka 1913, akachuma kwa miezi kadhaa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo aliuawa na watu wa kisiwani alipokuwa peke yake katika kazi hiyo.

Alivyovichuma havikupotea. Elmer Merrill alivichukua akavilinganisha na kitabu mlango kwa mlango, na mwaka 1917 akatoa tafsiri yake ya majina ya Rumphius, inayotegemewa mpaka sasa. Kwa kazi za namna hiyo, na nyingine zilizofuata, majina ya mtambuu yalianza kukunjwa kama mkeka. Ukoo wa Chavica ukarudishwa katika Piper. Siriboa ikarudi nyumbani kwa Piper betle. Leo, chini ya jina hilo moja, yameandikwa majina zaidi ya 20 yaliyowahi kutolewa yakidhaniwa kuwa ni spishi mbalimbali. Zilikuwa nyuso za hee.

Je, basi aina hazipo? Zipo, na hapo ndipo hukumu inapokamilika. Huko Lucknow, Bara Hindi, watafiti wa taasisi ya taifa ya mimea walikusanya mitambuu ya majimbo mengi, kila mmoja na jina lake la shambani. Hawakutegemea umbo la jani. Walipima mafuta yenye harufu yaliyomo ndani yake, na majina hayo mengi yakajikusanya katika makundi matano: Bangla, Desawari, Kapoori, Meetha na Sanchi. Bangla, ile kali, ina mafuta yale yale yaipayo karafuu harufu yake. Meetha maana yake ni tamu, na Kapoori jina lake latokana na kafuri. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ukaonyesha kuwa Bangla na Kapoori zatengana kweli katika nasaba zao. Kwa maneno mengine, mashine zimefika pale pale walipokuwa wamefika watafunaji kwa pua na ulimi, nao walikuwa wamekwisha kuweka matokeo yao katika majina.

Kabla sijaendelea niseme kuwa sikusudii kumhimiza mtu yeyote atafune. Tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu popoo kuwa yaleta saratani ya kinywa, hata isipochanganywa na tumbaku. Maneno yangu hapa ni ya jani na elimu yake.

Alichotuachia

Mwaka 2011 kitabu kizima cha Rumphius kilitoka kwa Kiingereza katika juzuu sita, tafsiri ya E. M. Beekman aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla yake. Miaka zaidi ya 300 baada ya kifo cha yule kipofu watu wangali wakimsoma, na wengi wamsoma kwa sababu moja: aliyaandika majina ya wenyeji na maneno yao juu ya kila mmea wakati wenzake waliyaona ni mazungumzo ya sokoni. Mengi katika maneno hayo yasingetufikia kwa njia nyingine.

Mimi naona hukumu juu ya mtambuu imegawanyika sehemu mbili, na kila sehemu ina mwenyewe. Kusema kuwa mimea hii yote ni spishi moja ni kazi ya mtaalamu, kwani yeye huilinganisha ya nchi zote pamoja. Kusema kuwa jani hili si sawa na lile ni kazi ya aliyelipanda na aliyelitafuna, kwani yeye amekaa nalo. Makosa ya karne ya 18 na 19 yalitokea pale wa kwanza alipotaka kuifanya kazi ya wa pili kwa jani kavu. Rumphius, kwa kuwa hakuwa na macho, alilazimika kumuuliza wa pili kila siku ya maisha yake, na ulazima huo ukawa ndio usahihi wake.

Katika miji yetu ya mwambao wako bado mabibi na wauzaji wanaozijua tambuu kwa kuzipapasa tu: ipi ya shamba gani, ipi ya kivulini, ipi ya arusi na ipi ya kila siku. Majina wanayoyatumia sijayaona katika kamusi yoyote niliyoifungua. Msomaji aliye na nyanya wa namna hiyo nyumbani na amuulize leo, achukue kalamu, aandike jina, mahali lilipotoka jani, na kazi yake. Mpango wa mlango wa kitabu ni huo tu, na hauhitaji Kilatini.